Mkono na bawa: shajara ya mradi wangu wa popo wa Pemba

11 Novemba 2023, Unguja, saa 8 usiku

Nimetoka ukumbini sasa hivi, miguu imevimba, na badala ya kulala nimekaa jikoni na laptopu maana nikilala hii fikra itaniponyoka na mie najijua.

Kwa anaesoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu napiga picha harusi za kike hapa Unguja. Upande wa kina mama tu, ambako mwanamme hapiti hata wa kubeba spika. Kwaio kazi ninayo, tena msimu ukipamba moto nakataa watu. Lakini kazi yenyewe haina ushahidi. Bi harusi kavua baibui, wageni wako vichwa wazi, simu zimeachwa mlangoni kwenye kapu, sasa mie picha zile ntaziweka wapi watu wazione? Nikimaliza kuediti namkabidhi mama wa bi harusi flashi mkononi, nafuta kwenye kompyuta yangu yeye amekaa pale pale ananiangalia, basi, kwaheri. Miaka 9 hiyo. Mtu akinambia hebu nionyeshe kazi zako namuonyesha ndege, kaa wa mikokoni na popo. Kazi inayonilipa haionekani na inayoonekana hainilipi.

Sasa leo. Bi harusi kakaa juu ya kiti chake, mkono kaulaza gotini, piko bado mpya kabisa, maua yamepanda toka kwenye kucha mpaka karibu na kiwiko, nikasogea na lenzi ya makro na taa ya video ya mwenzangu kwa bahati ikawa nyuma ya vidole, pembeni ya vidole nyama ikawaka nyekundu. Nikaganda. Hii nimeshaiona! Mwezi wa nane, Kidike, kijiji cha Pemba wanakolala popo, mmoja alikunjua bawa jua liko nyuma yake, nikapiga picha moja mbovu, fokasi imekwenda kwenye jani, lakini mishipa ilionekana imetawanyika vile vile, kama kachorwa na mtu mwenye mkono mwepesi.

Mradi basi ndo huu. Picha mbili mbili. Huku mkono wa bi harusi, kule bawa la popo. Uso haumo, nywele hazimo, jina halimo, hakuna wa kulalamika. Nadhani.

13 Novemba

Nimeivuta ile picha mbovu mpaka ikawa vigae na nimekaa nayo asubuhi nzima. Bawa la popo ni mkono kweli, sisemi kwa kupamba. Gumba liko nje, fupi, lina kucha kama ndoana, analitumia kuparamia matawi. Vidole vinne vilobaki vimerefuka mpaka vikawa kama njiti za mwavuli na ngozi imewambwa baina yao mpaka mguuni. Halafu kuna kitu sikuwa nakijua, kidole cha shahada nacho kina kikucha kidogo kwenye ncha. Wale popo wadogo wa darini hawana kikucha hicho.

Na wale wadogo ndo wanaopiga kelele wakasikiliza mwangwi. Huyu wa Pemba hana mambo hayo, anatumia macho na pua, ana macho makubwa ya kahawia na sura ya kitoto cha mbwa, manyoya mekundu kifuani. Akikunjua mabawa yote mawili ni zaidi ya mita moja na nusu, na mwili wenyewe nusu kilo tu hivi. Ngozi tupu.

Hayupo pengine duniani isipokuwa Pemba. Jamaa zake wako Ngazija (Komoro), Bukini (Madagaska), Ushelisheli na kuendelea mpaka Asia, bara la Afrika hakuna hata mmoja, na Mafia yuko mwengine ambae ukoo wake ni wa Ngazija. Kwenye vitabu amepewa jina la Mjerumani, Voeltzkow, alikuja kukusanya wanyama Pemba mwaka 1903, na mwenzake Matschie akamuandika rasmi 1909. Kabla ya hapo Wapemba walikuwa wanamwita popo tu na alikuwa anaitika.

25 Novemba, Pemba

Mvua. Mvua ya kumwaga. Vuli ya mwaka huu na hii El Niño imekuwa si vuli tena, ni masika ilokosea mwezi. Boti imetuchezesha, nimetapika mara 2, begi la kamera nimelikumbatia kama mtoto mchanga.

Nimefika Kidike mchana mvua imekatika. Nikapata pahala pazuri, jua likatoka baina ya mawingu, popo wamelowa wote wameanza kujikunjua wakauke, yaani wamejianika kama nguo, mmoja mmoja anafungua bawa analilamba. Nikasema Alhamdulillahi, siku ya kwanza tu! Natengeneza stendi, mara kikaja kikundi cha wageni na kiongozi wao (sio wa kijijini, alotoka nao huko mjini), wageni hawakuridhika kuona vitu vimening'inia tu, wakataka waruke. Yule bwana akapiga makofi. Makofi yenyewe pah pah pah na mluzi juu.

Waliruka karibu wote. Wageni wamefurahi, simu juu. Mie nimekaa chini nimeshika kichwa. Popo mchana anapumzika, akirushwa juani anachoma nguvu alizozila usiku kucha, na wenye watoto tumboni wanaruka na mzigo. Nilimfata yule bwana nikamwambia kaka yangu hivo sivyo, akanijibu "dada na wewe si umekuja kupiga picha? wanaoruka si ndo picha nzuri?" Na kibaya ni kwamba kwa watu wengi kweli ndo picha nzuri. Mbingu imejaa popo. Picha hiyo iko kila pahala mpaka imechosha.

Mlinzi wa pale alikuwa ameenda kusali, aliporudi alikasirika kuliko mie.

27 Novemba

Nimerudi Unguja na picha sifuri za kutumia. Moja inachekesha nimeiweka: popo anapotaka kujisaidia anageuka kichwa juu, anajishika kwa magumba, anamaliza shida yake halafu anarudi chini kichwa. Kisafi. Nilikuwa chini yake.

9 Disemba

Lenzi ndefu ina ukungu ndani. Nimeiweka mbele ya tochi nikaona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha pili. Hii pwani yetu bwana, ukifunga lenzi kwenye begi lililolowa siku 3 tu kuvu anaanza kuota na akikaa sana anakula rangi ya kioo. Kosa langu, nilitoka Pemba nikaingia harusi 2 mfululizo, begi sikulifungua.

Nimeipeleka Dar kwa fundi wa Kariakoo, kaisafisha, kaniambia safari hii imetoka ila alama ndogo itabaki pembeni. Pesa yake ni karibu nusu ya harusi moja. (Kila kitu kwenye maisha yangu nakipima kwa harusi. Stendi: robo harusi. Lenzi hii iliyotumika: harusi 4.) Sasa vifaa vinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, unatoa vumbi.

30 Disemba

Kutafuta mkono kumekuwa kugumu kuliko kutafuta bawa. Sikulitegemea hilo kabisa.

Nimewauliza mabibi harusi 5. Nawaeleza vizuri, uso hautoki, jina halitoki, ni mkono tu. Wanakubali. Halafu wanauliza upande wa pili kuna nini. Nikisema popo basi. Mmoja kanambia "dada, mkono wangu na popo? Mume wangu si atanikimbia usiku wa kwanza!" Ukumbi mzima wa wapambaji ukacheka, mama yake hakucheka. Mama yake mwaka 1995 alikuwa msichana, anakumbuka yule shetani Popobawa alipotoka Pemba akaingia mjini, watu walilala nje uani na barazani familia nzima, moto unawaka, wanaogopa kulala ndani. Kanisimulia kwa sauti ya chini kabisa kama vile jambo la juzi. Sasa mie nitamwambia nini huyu, kwamba yule ni shetani na huyu wangu anakula maembe? Jina ni hilo hilo.

Nilijaribu kuona kama naweza kutumia mkono wangu mwenyewe. Mkono wangu una kovu la mafuta ya sambusa na kucha za mtu anaebadilisha betri gizani. Hapana.

16 Januari 2024, Pemba tena

Nimekuja baada ya sherehe za Mapinduzi, miaka 60, boti zilikuwa zimejaa.

Safari hii sikwenda Kidike. Mlinzi kule alinipa jina la mzee mmoja kwenye kijiji chengine ambako popo wamelala kwenye makaburi ya zamani, miti haijakatwa pale kwa heshima ya wenyewe waliolala chini. Jina la kijiji sitaliandika hapa na picha zote nafuta alama za ramani kabla hazijatoka kwenye mashine yangu, msiniulize. Wanaowapiga bado wapo.

Nilianza kwa sheha, nikaandikwa kwenye daftari, nikaulizwa nani mume wangu na anajua kama niko huku (anajua, kachoka). Halafu kwa mzee. Nilimkuta anapindua karafuu kwenye jamvi, akaitazama kamera, akanitazama mie, akasema "mwanangu, umekuja peke yako?" Nikasema ndio mzee. Akasema "popo wanatoka maghrib." Nikasema najua. Akasema "maghrib mtoto wa kike hakai makaburini."

Pale nilidhani safari imekwisha. Mke wake alikuwa nyuma ya mlango anasikia kila kitu, akatoka na ukili wake kwapani, akasema basi mie nitakaa nae. Na kweli siku zote 5 alikaa na mie. Yeye juu ya gogo anasuka ukili, vidole vinakwenda bila kuviangalia, juu ya kichwa kafungua mwavuli maana chini ya popo usipokuwa na mwavuli unajuta, na pembeni mie na stendi yangu. Mwavuli unadunda dup, dup, sio mvua, ni makapi. Popo hamezi nyuzi za tunda, anatafuna anakamua maji yake kwenye kaakaa halafu anatema kibonge kikavu. Bibi ananionyesha kwa kidole: hili la shelisheli, hili la embe, hili la kungu. Anajua popo kala nini jana kwa kuangalia chini.

Mzee jioni alizoea, akaanza kuja kukaa. Anasema ujanani mwake walikuwa wanawala, wanapigwa bunduki, na wengine wanatega nyavu kwenye minazi mirefu. Na msitu wa kulala umekwisha siku nyingi maana kisiwa kizima kilikatwa kikapandwa mikarafuu, msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi kule kaskazini, kwengine ni vipande vipande kama hivi vya makaburini. Ilipofika mwisho wa miaka ya 80 watafiti walikuja kuhesabu wakaona wamebaki wachache mno, mzee anasema hata yeye alikuwa anaweza kukaa jioni nzima asione popo. Ndo vijiji vikaanza kujiwekea masharti wenyewe, na hesabu ya 2007 ikatoa kama 22,000. Nilimuuliza kwanini yeye aliacha. Akasema "nilichoka kutema risasi." Zile za marisawa, zinabaki kwenye nyama.

Picha za safari hii: wanatoka wakati adhana inamalizika, saa 12 na nusu na kitu, mmoja, wawili, halafu utadhani mti unamwagika. Nzuri lakini ni vivuli tu, mwanga umekwisha. Bawa la kuwaka linataka saa 10 mpaka 11 jioni, jua limeinama nyuma ya mti, joto bado lipo ili mwenyewe ajipepee. Siku zote 5 saa 10 palikuwa na wingu.

22 Januari

Hoteli moja ya pwani kaskazini imeniandikia, wanataka picha 12 kubwa za kuweka vyumbani, "wanyama na mazingira ya Zanzibar". Pesa nzuri, harusi 3. Nimepeleka 20 wachague, 4 za popo. Wamechagua kima punju wa Jozani, kaa, kolekole kwenye barafu (barafu ni mazingira?), machweo 6. Popo hata mmoja. Nimekubali, nauli ya Pemba haijali kama imetoka kwenye machweo.

2 Machi

Shaaban. Kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, harusi 9 ndani ya wiki 3, singo, kupamba, kuonyesha, mkono wa kulia umekufa ganzi. Hakuna popo, hakuna lolote.

21 Machi, Pemba, Ramadhani

Ramadhani harusi hakuna, kwaio huu ndo mwezi wangu. Ndugu zangu wanasema nina wazimu, kwenda kukaa juani na funga. Nimekaa hapa tangu Ramadhani ilipoanza, kwa mzee na bibi, wamenipa chumba cha binti yao, nae kahamia kwa shangazi yake.

Siku za mwanzo: wingu, wingu, upepo, jua lakini popo wote wamenipa mgongo, jua lakini lipo pembeni ya shina, wingu. Nilihama pahala mara 4. Nimejifunza kwamba sitakiwi kumfata popo, natakiwa kulifata jua halafu nitafute popo gani yuko kwenye mstari, na kila siku mstari unasogea kidogo. Harusini ni vivo hivo, bi harusi humkimbizi, unajua atapita mlango gani unakaa unamsubiri na mwanga umeshaupima.

Juzi tarehe 19. Saa 10 na dakika 40, mdomo mkavu, bibi kalala juu ya gogo na ukili mkononi. Joto limetulia, hakuna jani linalotikisika. Jike mmoja kwenye tawi la chini la mvule, kama mita 15 toka kwangu, alikuwa anajipepea kwa bawa moja, anapepea, anaacha, anapepea. Halafu akalifungua lote. Akalinyoosha mbele ya jua taratibu akaanza kulilamba kutoka kwenye gumba kwenda chini, wanafanya hivo kujipoza, mate yakikauka yanaondoa joto.

Nilikuwa nimeshapima mwanga kwenye bawa la popo mwengine dakika 5 kabla, sio kwenye mbingu, ukipima kwenye mbingu bawa linakuwa jeusi kama mkaa. Shata 1/1000, tundu f/8, ISO 800. Nikabonyeza sikuachia mpaka kamera ikasita yenyewe. Picha 43, zilizokaa fokasi 2, inayofaa 1.

Hiyo moja nimeiangalia usiku mpaka daku. Rangi ya bawa ni ya chai ya rangi iliyokolea, pembeni kwenye ncha inakuwa kama kaharabu. Mifupa ya vidole inaonekana na vifundo vyake. Mshipa mkubwa mmoja unafatana na kila kidole, kutoka hapo vinachepuka vidogo, na baina ya vidogo kuna vyengine kama uzi wa kufumia kofia. Karibu na kidole cha mwisho kuna tundu 3 ndogo na mchano wa urefu wa sindano uliopona, ngozi imejiunga lakini imeacha mstari mweupe. Imechakaa, ni kanga ya kazi ile, sio ya sherehe. Na kwenye ncha ya kidole cha shahada kile kikucha kipo, kinaonekana.

Bibi aliamka akauliza "umempata?" Nikamuonyesha kwenye kioo cha nyuma. Akasema, haya, twende tukapike futari.

18 Aprili

Idi imepita, mfunguo mosi umeanza na harusi zake.

Nimepata barua pepe ya jarida moja la nje, wameona zile picha za kutoka maghrib, wanataka kuzitumia kurasa 2 nzima. Nimeruka jikoni. Nikasoma mpaka chini: bajeti ya picha hawana ila watanitaja jina. Nimeandika jibu refu la hasira, nimelifuta, nimeandika jibu fupi lenye bei. Mpaka leo kimya. Mwenzangu mmoja kasema ungekubali tu, jina lako lingetoka. Jina langu kwa kina mama wa Unguja limeshatoka zamani na linalipwa advansi.

4 Mei

Kimbunga Hidaya kiko baharini huko upande wa Mafia, upepo umetupa mabati ya jirani. Nilikuwa niondoke leo kwenda Pemba, nyumbani wameninyang'anya tiketi. Nasubiri.

18 Mei, Pemba

Mkono umepatikana. Na ulikuwa chini ya pua yangu miezi yote hii.

Binti ya mzee, yule alonipisha chumba, kaolewa jana Ijumaa. Mwezi uliopita bibi alinipigia simu, akazunguka sana, habari za mvua, habari za mgongo wake, mwisho akasema "mwanangu, sisi pesa za mpiga picha wa mjini hatuna." Nikamwambia bibi, nimekaa kwako siku 15 nakula, na mwavuli wako umenihifadhi, unaniongelea pesa gani tena? Akanyamaza. Akasema basi uje.

Nilipomuuliza binti kuhusu mkono na popo sikuwa na matumaini, nilishakataliwa na 8 mpaka hapo. Akashangaa. "Popo gani, hawa wetu?" Ndio. "Sasa kwani wana nini?" Kalala chini yao tangu kuzaliwa, kila asubuhi akifagia uwanja anafagia makapi yao. Kwake yeye popo ni kama kuku wa jirani.

Kazi yenyewe ilikuwa na shida yake. Mkono wa mtu ni mnene, jua halipiti kama kwenye bawa, na nje masika mvua hiyo. Shangazi yake alimpaka hina toka asubuhi, hina ya majani ilotwangwa na ndimu, na juu yake mchoro wa piko mwembamba. Mchana tukakaa chumbani baina ya dirisha na kitanda, vidole kavitanua, nikamshikisha mdogo wake tochi mbili za simu nyuma ya vidole zimefungwa karatasi ya kupikia keki ili mwanga ulainike. Baina ya vidole ikawaka nyekundu ile ile. Kina mama 11 chumbani wanatoa maoni, mmoja anasema mkono uinuliwe, mwengine anasema mwacheni mtoto kachoka, nyuma kuna taarabu ya simu, na juu ya bati dup, dup.

Picha ya mkono nimepiga 300 na kitu. Bora ni moja ambayo alikuwa kachoka na vidole vimelegea kidogo, kidole cha shahada kimejikunja ncha.

9 Juni, Unguja

Kuchapa. Duka la kwanza limenitolea bawa la kijani. Nikasema kaka huyu ni popo sio mjusi, akanambia mashine inasoma hivo. Duka la pili nilikaa nae fundi, tukachapa vipande vidogo 6 mpaka nyekundu ikakaa, ndo nikatoa kubwa mbili, upana wa sentimita 90. Karatasi isong'aa, iking'aa dirisha lote linaonekana ndani ya picha. Jumla robo tatu ya harusi.

Hapa mjini kuna ukumbi mdogo wamekubali kuzitundika kwa wiki 2 mwezi wa saba, zitakuwa mbili tu hizo ukutani na kiti. Binti kasema sawa, jina lake nisiandike, nimemwambia hata lako silijui.

23 Juni, Pemba

Nakala zao nimezileta mwenyewe, ndogo, zimo kwenye fremu. Mzee kaweka miwani. Bibi hakuweka miwani, kachukua zote mbili akazipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaangalia ya binti yake muda, akaigeuza ile ya bawa juu chini, akairudisha, akaniuliza huyu nae kachorwa na nani.

Wamezitundika ukumbini pembeni ya saa. Msumari wa bawa umekaa upande, nitaurekebisha kesho. Popo wamehamia mti wa pili kwa sababu tawi la mvule limeanguka na masika, kwaio mstari wa jua wote umebadilika na vipimo vyangu vya Machi havifai tena. Kesho saa 10 naanza upya na dira. Lenzi nimeiangalia kwa tochi, ukungu haujarudi. Harusi ijayo tarehe 6 Julai, advansi imeingia, bibi kanunua mwavuli wa pili.